Kigaga cha Viazi ni Ugonjwa wa Wiki Chache

Mkulima akichimbua viazi mviringo na kukuta maganda yamejaa mabaka makavu ya kahawia, yanayokwaruza kidole kama gome la mti, hulaumu shamba zima na msimu mzima. Lawama hiyo humpotezea nafasi ya kujikinga. Bakteria wa kigaga, Streptomyces scabies, hawakishambulii kiazi kilichokwisha kukomaa. Huingia kupitia vitundu vya kupumulia kiazi kikiwa kichanga na ganda halijawa gumu, kisha hutoa sumu ya thaksitomini inayozuia seli changa kujenga kuta zake. Kiazi nacho hujihami kwa kulizungushia jeraha tabaka gumu, na tabaka hilo ndilo baka linalomkimbiza mnunuzi sokoni. Baka la siku ya mavuno, basi, linasimulia yaliyotokea wiki nyingi zilizopita.

Roland Thaxter alimweleza kiumbe huyu huko Connecticut, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1890, na mwaka 1923 G. B. Sanford akaonyesha kwamba unyevu wa udongo hupunguza kigaga. Lakini waliotegua kitendawili ni Lapwood wa Rothamsted, Uingereza, na mwenzake Hering, katika miaka ya 1960. Wao walitaka kujua maji yanahitajika lini. Waliacha udongo ukauke kwa vipindi vifupi, kisha wakachunguza mabaka yametokea sehemu gani ya kiazi. Kiazi hurefuka kwa kuongeza sehemu mpya kwenye ncha iliyo mbali na kikonyo, na mabaka yalionekana kwenye zile sehemu zilizokuwa changa siku za ukavu. Naona huu ni ushahidi mzito kuliko kulinganisha shamba na shamba: kiazi ni kilekile, udongo uleule, bakteria walewale, kilichotofautiana ni umri wa ganda maji yalipokosekana. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba udongo wenye unyevu huwapa bakteria wengine nafasi ya kuviwahi vile vitundu.

Wapo wanaoshikilia kwamba dawa ni kuuacha udongo uwe na tindikali, chini ya pH 5.2 hivi. Ni kweli kigaga cha kawaida hufifia hapo, lakini bakteria mwingine wa kigaga, Streptomyces acidiscabies, huvumilia tindikali hiyo, na mahindi yatakayofuata yataumia. Mkulima wa nyanda za juu aliyeshauriwa kuweka chokaa ili kupunguza tindikali asiiache; aiweke baada ya kuvuna viazi, si kabla tu ya kuvipanda. Pingamizi zito zaidi ni kwamba maji hukaribisha kigaga cha unga, ambacho hupenda udongo wa baridi uliolowa, na maji yanayotiririka husambaza mnyauko bakteria. Nalikubali, na ndiyo maana sisemi shamba lifurikishwe. Kwanza ujue ugonjwa ulio nao: kigaga cha unga huanza kwa vipele ambavyo vikipasuka huacha unga wa kahawia. Aina ya mbegu nayo ina uzito wake, na matokeo ya umwagiliaji hayajafanana kila mahali. Hata hivyo, muda wa hatari unajulikana. Fukua shina moja utazame ncha za vikonyo vinavyotambaa ardhini: zikivimba kufikia mara mbili ya unene wa kikonyo, hesabu wiki nne hadi sita, na katika muda huo usiache tuta likauke.