Kalamu Nyekundu Jangwani

Mwaka 1970 mshairi Richard Shelton, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Arizona mjini Tucson, alipata barua kutoka gerezani. Aliyeiandika, Charles Schmid, alikuwa amehukumiwa kifo kwa kuua wasichana. Hakuomba kutetewa, alitaka mashairi yake yasomwe na kukosolewa. Baadaye Shelton alikiri kwamba hakusukumwa na huruma: alitaka kumwona muuaji kwa karibu. Namwamini zaidi kwa kulisema hilo.

Sisi tunaoijua Sauti ya Dhiki, diwani ambayo Abdilatif Abdalla aliitunga kifungoni, tumezoea kumheshimu mshairi mfungwa, lakini yeye alifungwa kwa siasa. Kazi ni kukubali kwamba hata aliyeua kweli anaweza kutunga ubeti uliosimama. Shelton alikubali, na mwaka 1974 akaanzisha warsha ya uandishi katika gereza la Florence. Mwaka uliofuata Schmid aliuawa na wafungwa wenzake. Warsha haikufa. Shelton aliendelea kuingia magerezani kwa miaka 30, akayaeleza hayo katika Crossing the Yard, kitabu chake cha 2007.

Ninachokisifu hasa ni ukosoaji. Anayeanza kutunga akiwa kifungoni hujaza karatasi uhuru, machozi na moyo uliovunjika, na mgeni mwenye huruma humpigia makofi, basi. Mhariri wa kweli hulifanyia shairi la mfungwa kama fundi cherehani anavyoufanyia mshono uliokwenda upande: anafumua. Machozi ya nani? Dirishani kunaonekana nini? Nadhani jangwa la Sonora, alilolitungia Shelton tangu The Tattooed Desert ya 1971, lilimfaa kwa kazi hiyo. Huko mimea imeachana, kila mmoja ukigombea maji yake, na jicho hujifunza kukitazama kitu kimoja kimoja.

Ken Lamberton, mwalimu wa biolojia aliyefungwa Arizona, alipita katika warsha hizo. Hakuandika juu ya uhuru. Aliandika juu ya mbayuwayu waliojenga viota gerezani, na magugu, na wadudu waliopita seng'enge bila kuulizwa. Kitabu chake, Wilderness and Razor Wire, kilitoka mwaka 2000; mwaka 2002 kikapata Nishani ya John Burroughs, wanayopewa waandishi bora wa mambo ya viumbe na mazingira, wengi wao watu ambao hawajawahi kulala rumande hata usiku mmoja.