Bahasha ya zamani haidanganyi mara mbili

Muuzaji akikuonyesha bahasha yenye muhuri wa posta ya Nairobi wa mwaka 1897, mshukuru umrudishie. Reli ilifika hapa tarehe 30 Mei 1899. Kabla ya hapo palikuwa na kinamasi, malisho ya Wamaasai na kambi ya wapita njia. Mji wenye posta haukuwapo. Muhuri wa Nairobi wa karne ya 19 basi una kama miezi 19 tu ya kuishi, hadi mwisho wa 1900.

Kipimo kikuu cha fani hii ya kukusanya bahasha za zamani ndicho hicho: hukumu safari kabla ya sura. Stempu, nauli, ofisi, tarehe na njia lazima vikubaliane. Kimoja kikikataa, uzuri wa vingine haukusaidii.

Ofisi na tarehe. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki (IBEA) ilifungua posta Mombasa na Lamu Mei 1890, ikianza na stempu za Uingereza zilizochapwa jina lake juu. Lakini Lamu ilikuwa tayari na posta ya Kijerumani, iliyofanya kazi tangu Novemba 1888 hadi Machi 1891. Stempu ya Ujerumani yenye muhuri wa Lamu, basi, si kioja. Kioja ni ikiwa na tarehe ya 1893.

Huku kwetu magharibi mwa jiji, Frederick Lugard, ofisa wa IBEA, alijenga ngome Dagoretti mwaka 1890, na Fort Smith ikafuata pale Kabete mwaka 1891. Barua za mwanzo kutoka huko zilishuka pwani kwa miguu ya matarishi, kwa hiyo muhuri wa kutarajia ni wa Mombasa. Ushahidi wa Kabete utaupata ndani, pale mwandishi alipotaja mahali na tarehe juu ya karatasi yake. Ndiyo maana anayetupa barua akabakiza bahasha ametupa nusu ya mali.

Angalia na mipaka. Naivasha na Eldama Ravine zilikuwa Uganda hadi 1902. Bahasha ya huko ya mwaka 1900 itazamiwe stempu za Uganda; ile ya Kikuyu, za Afrika Mashariki ya Kiingereza.

Nauli. Rupia moja ilikuwa ana 16, na katikati ya miaka ya 1890 barua nyepesi ya kwenda Ulaya ililipiwa ana mbili na nusu. Ukikuta bahasha ndogo imebandikwa stempu za kila thamani hadi rupia nzima, kisha anwani ni ya mfanyabiashara wa stempu London, hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji. Ni halisi, ndiyo, lakini hailingani na barua iliyotumwa kwa haja. Usiilipie bei moja.

Muhuri wenyewe. Chukua kioo cha kukuzia, uinamishe bahasha chini ya taa. Muhuri mzuri umelala nusu juu ya stempu, nusu juu ya karatasi. Fuata duara lake pale linapovuka meno ya stempu: mstari uendelee bila kuruka, na wino ushuke kidogo kwenye ukingo. Kwenye karatasi ya bahasha wino umenywewa na kingo zake zimelegea. Juu ya stempu umekaa mkavu zaidi. Mstari ukikoma sawasawa kwenye ukingo wa stempu, stempu hiyo huenda ilihamishwa kutoka kwingine. Kisha washa taa ya urujuanimno gizani: karatasi iking'aa buluu-nyeupe, ina dawa ya kung'arisha iliyoenea viwandani katikati ya karne ya 20.

Hadhari zaidi na stempu za 1891. Mombasa iliishiwa na thamani ndogo, maofisa wakaandika thamani mpya kwa mkono na kutia herufi za majina yao: A.D. kwa Andrew Dick, A.B. kwa Archibald Brown. Kalamu kila mtu anayo. Pasipo cheti cha wataalamu, kama wale wa Royal Philatelic Society London, zihesabu kuwa bandia.

Hali. Madoa ya kutu, tundu la mdudu na mkunjo wa katikati ni kawaida kwa karatasi iliyokaa pwani. Usiikatae bahasha kwa hayo. Kataa iliyosafishwa, iliyokatwa pembeni, au iliyotiwa rangi kuficha mpasuko. Mkunjo uliopita juu ya stempu unapunguza bei. Uliopita mbali nayo haudhuru kitu.

Pa kunoa jicho. Ingia Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Moi Avenue. Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, alikusanya pia stempu, na sehemu kubwa ya hazina yake ilinunuliwa na serikali ikahifadhiwa humo. Zitazame halisi kwa muda mrefu kabla hujafungua pochi kwenye mauzo ya vitu vya nyumbani huko Karen au Lavington.

Na ukibaki na fedha ya bahasha moja tu, iache yenye rangi nyingi. Chukua barua ya duka ya Mombasa kwenda Bombay: stempu moja, nauli sahihi, muhuri unaosomeka, na nyuma yake muhuri wa kupokelewa wenye tarehe inayolingana na safari ya meli. Hiyo utaiuza siku yoyote, kwa mtu yeyote anayejua.