Nate Nelson na Ufundi wa Sauti Inayojizuia

Nate Nelson, mzaliwa wa Chicago wa mwaka 1932, anakumbukwa zaidi kwa "I Only Have Eyes for You", santuri ambayo kundi lake la The Flamingos liliitoa mwaka 1959, na ambayo uzuri wake haukutokana na nguvu za koo bali na jinsi mwimbaji kiongozi alivyojizuia ili wenzake wasikike.

Duwopu, mtindo wa The Flamingos, yaani uimbaji wa vikundi uliokuzwa na vijana Weusi wa miji ya Marekani katika miaka ya 1940 na 1950, hugawa kazi waziwazi: kiongozi huimba maneno, besi hushikilia sauti ya chini, na waliobaki huitikia kwa silabi zisizo na maana, zinazoshika nafasi ya ala. Wimbo wa "I Only Have Eyes for You" ulitungwa na Harry Warren na Al Dubin kwa ajili ya filamu ya mwaka 1934, lakini Terry Johnson, mwimbaji na mpiga gitaa wa kundi, aliupanga upya kabisa, akaupunguzia mwendo, huku piano ikirudia noti tatu tatu katika kila pigo na waitikiaji wakitiwa mwangwi mzito hata wakasikika kama walio mbali.

Nelson, kinyume chake, yuko karibu na sikio. Anaanza kwa sauti ya chini inayokaribia mazungumzo, anavuta vokali bila kuzitetemesha kupita kiasi, kisha ananyamaza ili kundi lijibu, na hata falseto, yaani sauti nyembamba ya juu kuliko ile ya kawaida ya mwanamume, inapopanda juu yake, yeye hashindani nayo.

Kipaji hicho hakikulipwa kwa haki. Mwaka 1956 Nelson aliongoza wimbo wa kundi lake "I'll Be Home", lakini ni toleo la Pat Boone, mwimbaji Mzungu, lililoshika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka huohuo, kwa kuwa soko la wakati huo liliwafungulia Wazungu milango iliyofungwa kwa Weusi. Baadaye Nelson aliimba na kundi la The Platters, akafariki mwaka 1984, miaka 17 kabla The Flamingos hawajaingizwa katika Jumba la Heshima la Rock and Roll. Anastahili kuhesabiwa miongoni mwa viongozi bora wa duwopu, kwa sababu alijua kwamba kuongoza kundi ni pamoja na kuliachia nafasi.