Mazoezi, Muda wa Kutazama na Udanganyifu wa Macho: Uhakiki wa Nadharia ya Mazingira ya Kiseremala kwa Kuzingatia Tabora

Kazi ya Segall, Campbell na Herskovits ya mwaka 1966 inadai kuwa watu waliokulia katika nyumba zenye kona na kuta zilizonyooka hudanganywa zaidi na mchoro wa Müller-Lyer, ambamo mistari miwili yenye urefu sawa huonekana kutofautiana kutokana na mabawa yaliyo nchani mwake. Miongoni mwa jamii zilizopimwa ni za Ankole na Toro, Uganda. Ubora wa kazi hiyo ni kuvunja dhana kuwa Mwafrika hudanganyika upesi kuliko Mzungu: kwa mchoro huu, wakazi wa Evanston, Marekani, ndio waliodanganyika zaidi.

Hata hivyo, nadharia hiyo ina mapengo mawili. Kwanza, inazigawa jamii kwa umbo la makazi, mgawanyo ambao Tabora inaukataa. Katika karne ya 19, njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji ilikutanisha msonge na tembe la mstatili, kama lile la Kwihara alimokaa Livingstone mwaka 1872. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyafahamu yote mawili. Mwaka 1912 reli ilifika Tabora, pamoja na mataruma na vyuma viwili vinavyoonekana kukutana mbali, mfano halisi wa mchoro wa Ponzo.

Pili, nadharia haizingatii muda. Judd alionyesha mwaka 1902 kuwa mazoezi hupunguza udanganyifu wa Müller-Lyer. Tafiti za baadaye zimethibitisha kuwa upungufu huo hutokea hata mtazamaji asipoambiwa jibu, hasa macho yanapopitia mchoro kwa uhuru na kwa muda mrefu. Kinyume chake, Leibowitz na Pick (1972) waliona kuwa wanafunzi wa chuo kikuu nchini Uganda walidanganywa na mchoro wa Ponzo kama Wamarekani, ilhali wanavijiji hawakudanganywa sana. Basi kuzoea picha huukuza udanganyifu, na kuurudia mchoro uleule huupunguza. Kipimo cha mara moja hakiwezi kuzitenganisha nguvu hizi mbili.

Kwa hiyo, utafiti wa Tabora unapaswa kurudia majaribio, kudhibiti muda wa kutazama, na kulinganisha kasi ya mabadiliko badala ya kiwango cha mwanzo pekee. Bila hivyo, alama ya siku moja itaendelea kusomwa kama tabia ya kudumu ya jamii nzima.