Nimeuona Mlango wa Zanzibar Ukibebwa na Mtu Mmoja!

Acheni kwanza habari za keki. Acheni ndafu, acheni MC, acheni hata gauni la bibi harusi. Kama kamati yenu haijafunga hesabu ya mapambo, mwambieni mweka hazina asimlipe mtu hata senti, kwa sababu huku Tabata, Dar es Salaam, kuna familia imefungua stoo yake wiki hii ili wateja wajionee kilichomo. Mimi nimeingia, na nimetoka na simu iliyojaa picha hadi ikagoma kupiga nyingine.

Kilichonimaliza ni mlango. Mlango wa Zanzibar wa mbawa mbili, wenye nguzo ya kati iliyochongwa, maua juu ya kizingiti, nakshi ya mnyororo iliyozunguka fremu nzima na misumari ya shaba iliyochomoza kwa mistari. Ukinyoosha mkono hufiki juu yake. Nilisogea karibu, bado ni mlango. Nikainama kuangalia chini, ambako mafundi wengi huchoka na kulipua kazi: bado ni mlango! Kisha binti wa nyumba akaja, akachukua ubawa mmoja akaupachika kwapani, akatoka nao uani ili niupige picha juani. Peke yake! Huku anaongea na mteja kwenye simu!

Ni povu, jamani. Lile povu jeupe gumu linalokuja limezunguka friji jipya ndani ya boksi. Mama mwenye nyumba anachora nakshi kwenye karatasi, anaihamishia kwenye povu, kisha linakatwa kwa waya mwembamba wa nikromu uliopashwa moto kwa umeme mdogo. Waya unapita bila vumbi wala msumeno, na ukingo unabaki laini. Moshi wake lakini si wa kuchezea, ndiyo maana kazi hiyo hufanyika nje, chini ya mwembe, na watoto hufukuzwa mbali. Baada ya hapo ndipo penye siri ya kazi: mikono kadhaa ya gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na unga wa jipsamu. Povu likipuliziwa rangi ya kopo likiwa tupu, rangi hulila hadi likawa mashimo. Likivikwa hilo koti gumu, linapokea rangi yoyote na linavumilia kugongwagongwa na wapishi wanaopita na masufuria. Na ile misumari ya shaba? Mipira ya tenisi ya meza iliyokatwa nusu na kupakwa rangi ya dhahabu. Nilicheka peke yangu.

Halafu hawakukosea kitu ambacho wapambaji wengi hukosea. Mji Mkongwe una milango ya namna mbili kubwa: ile yenye kizingiti bapa, inayohusishwa na Waarabu wa Omani, na ile yenye tao juu, iliyofuata mtindo wa Kihindi. Kumbi zetu zimejaa milango ya bandia iliyochanganya kila kitu, tao la huku, nakshi za kule, na juu yake ua la plastiki. Hapa wametengeneza miwili, kila mmoja kwa desturi yake. Wa kizingiti bapa ni wa mlangoni, wageni wapite katikati. Wa tao unakaa nyuma ya maharusi.

Huyo mama mwenye nyumba mtaani wanamwita Mwalimu, na ni mwalimu kweli, mstaafu wa shule ya msingi. Waliosoma shule zetu wanajua: zana za kufundishia hazidondoki kutoka wizarani, mwalimu anazitengeneza mwenyewe kwa maboksi, vizibo na udongo. Miaka yote ya kazi alikuwa akitengeneza ramani, mizani na vinyago vya maigizo ya mahafali. Alipostaafu mikono ikakataa kutulia. Akawatengenezea wajukuu twiga wa siku ya kuzaliwa, na hapo balaa likaanza, maana majirani walimwona huyo twiga. Mwalimu, tuazime twiga Jumamosi. Mwalimu, kipaimara cha mtoto. Twiga akawa anatoka na masikio mawili anarudi na moja.

Alijaribu kuuza, hakuna aliyenunua. Ukifikiri utaona kwa nini: nani ana chumba cha kumweka twiga wa mita mbili siku ya pili ya sherehe? Binti ndiye aliyesema basi, anayemtaka akodi kwa usiku mmoja na aache amana. Kuna jirani alinuna, nasikia bado amenuna. Lakini amana ilifanya ambacho kuomba hakukufanya: masikio yalianza kurudi yote mawili.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu nakuja kwenye jambo ambalo kwenye picha za Instagram halionekani kabisa, na mimi ndilo limenifanya nisilale. Kila kitu ndani ya stoo ile kinavunjika vipande visivyozidi futi 4 kwa 4. Kila kitu! Plaiwudi huja na futi 8 kwa 4, na fundi wa kawaida atakutengenezea ukuta wa jukwaa wa futi 8, mzuri sana, kisha mtasimama nao barabarani mnatafuta fuso la kuubeba. Familia hii ina kirikuu, na kirikuu haibebi futi 8 bila sehemu kuning'inia nyuma na trafiki kukusimamisha. Kwa hiyo wakaanza na gari, wakapima bodi yake, wakapima na milango ya nyuma ya kumbi, ile myembamba ambayo vifaa hupitishwa, halafu ndipo wakachora mapambo. Mlango wangu mpendwa una vipande sita. Viungo vyake vinafichwa ndani ya nakshi ya mnyororo, mstari wa kuungana unapita palepale ambapo jicho linategemea kuona mfereji. Mtoto wao wa kiume ni fundi wa kuchomelea; yeye ndiye katengeneza fremu za chuma zinazofungwa kwa boliti za mkono, bila spana. Niliwapimia muda kwa saa yangu, wakausimamisha mlango mbele yangu wakati chai yangu bado ina moto.

Sherehe ya Dar inaisha usiku wa manane na ukumbi unataka kila kitu kitoke kabla ya asubuhi. Wanaopata hasara kwenye biashara hii hawashindwi kupamba, hushindwa kuondoa! Baba mtu ndiye dereva, na anayo orodha ya kila kipande kwa namba. Hakuna kinachopanda gari bila kuwekewa alama. Ni mtu wa maneno machache. Nilipomsifia orodha yake alinionyesha orodha ya orodha.

Twiga sasa. Twiga bado yupo, na amepata ukoo: punda milia, tembo mdogo, mamba ambaye mdomo wake ni benchi la watoto kukalia. Ni mikanda ya magazeti iliyogandishwa kwa tabaka juu ya mianzi na waya wa kuku. Zamani Mwalimu alitumia uji wa unga wa ngano, ambao ni bei rahisi na unashika vizuri, ila kwa unyevu wa masika ya Dar unaota ukungu, na panya wanauona chakula. Aliweka chumvi, akaweka mafuta ya karafuu, ambayo kweli huzuia ukungu, stoo ikanukia pilau. Siku hizi ni gundi nyeupe tupu, na panya wamehama. Kule Valencia, Hispania, kuna mafundi wanaojenga masanamu ya mbao, karatasi na povu, mengine yakipita urefu wa nyumba, kwa ajili ya sikukuu ya Fallas, na usiku wa tarehe 19 Machi karibu yote huchomwa moto. Nilimsimulia Mwalimu. Aliuliza kama hata moja halikodishwi kwanza.

Herufi za taa nazipitia haraka kwa sababu mmeziona kwingine, ila za hapa ni nzuri kuliko kwingine. Futi 4 kila moja, balbu ndogo za LED za volti 12, kwa hiyo hazichomi mkono wa mtoto na umeme ukikatika zinawaka kwa betri ya gari wakati ukumbi mzima unamsubiri mtu wa jenereta. Wana A tatu, M tatu, S mbili. Q na X hazipo na hawana mpango nazo. Xavier ajitegemee.

Na kiti cha enzi! Nilikuwa nimeshafunga daftari, wakafunua shuka. Mnavijua viti vya enzi vya pwani, vile vya Lamu na Pate, vya mbao nyeusi, mgongo wima, vimesukwa kamba na kupachikwa vipande vya pembe za ndovu au mfupa? Vipo makumbusho ya Lamu, na kwenye nyumba za wakubwa vilikuwa vya mgeni wa heshima. Hapa wametengeneza pacha, cha bwana na cha bibi, kwa mbao za paini zilizopakwa rangi nyeusi, mgongo umesukwa kamba za katani, na yale mapambo meupe ni plastiki iliyokatwa kwenye ndoo tupu za rangi. Ndoo! Baba mwenye nyumba, ambaye si mwembamba, alikalia kimoja na kujitikisa ili nione. Hakikulia hata kidogo. Ukilinganisha na yale makochi ya dhahabu yenye vifungo vya kioo ambayo kila ukumbi unayo, utaona aibu kwa niaba ya makochi.

Malalamiko ninayo. Mikono ya kiti cha bibi harusi imebana, gauni la mduara mkubwa litapanda juu mpaka kidevuni. Nyaya za herufi zimelazwa sakafuni na mkanda mwembamba, na mashangazi watakaokuja kutunza wakicheza hawaangalii chini. La uzito zaidi: povu linashika moto haraka, na siku hizi hakuna keki inayokatwa bila fataki pembeni. Mkataba wao unataka fataki na mishumaa vikae mbali na mlango, sawa, lakini nani anamsomea mkataba mtu wa fataki? Wasimamie wenyewe.

Karatasi zao ziko sawa: jina la biashara limesajiliwa BRELA, namba ya mlipa kodi ipo, leseni ya biashara imebandikwa ukutani karibu na kichwa cha mamba. Na wamejua kuisoma kalenda. Harusi hubanana Desemba, hukimbizana kabla ya Kwaresima, na Ramadhani hupoa. Kuanzia Septemba ni mahafali ya darasa la saba na kidato cha nne, ndiyo zamu ya wanyama na ramani za Mwalimu. Masika mvua ikinyesha, stoo hurudia rangi.

Ukitaka kukodi, amana unaiacha siku ya kuchukua na unarudishiwa baada ya baba kupitia orodha yake, kipande kwa kipande, usijaribu kumharakisha. Mlango wa tao umeshachukuliwa Jumamosi zote za Desemba. Ule wa kizingiti bapa una tarehe chache. Kuhusu viti vya enzi msijisumbue kupiga simu kwa Jumamosi ya mwisho ya Novemba: shemeji yangu anaoa, na amana nimeshaacha.