Ubora wa Ofa ya Faragha: Namna ya Kuipima Bei Iliyoundwa kwa Mnunuzi Mmoja

Ofa ya faragha ni pendekezo la bei na masharti ambalo mwenye programu humwandalia mnunuzi mmoja ndani ya soko la huduma za wingu, yaani duka la mtandaoni linaloendeshwa na kampuni inayokodisha nguvu za kompyuta zake kwa wengine, kama lile la AWS Marketplace lililofunguliwa mwaka 2012 na masoko ya aina hiyo ya Microsoft na Google. Bei ya kawaida hutangazwa kwa watu wote, lakini ofa hii huonekana kwa yule tu ambaye akaunti yake imetajwa ndani yake, na akishaikubali, gharama ya programu hulipwa kupitia akaunti ileile anayolipia huduma za wingu. Kwa kuwa kila ofa huundwa upya kwa ajili ya mnunuzi wake, kazi ya kuiunda ina mafundi na ina wababaishaji, na mwongozo huu unaeleza alama za kuwatambua kwa kuwatazama wanunuzi wa Kitengela, Isinya na Kajiado nchini Kenya, ambako shule za binafsi, sacco, mashamba ya maua, wasimamizi wa nyumba za kupanga na serikali ya kaunti huweza kuhitaji programu zinazofanana ilhali fedha zao huingia kwa njia na kwa nyakati zisizofanana hata kidogo.

Wasomaji wengi wa ofa hukimbilia asilimia ya punguzo, na hapo ndipo hukumu yao inapoanza kupotoka. Punguzo hupimwa dhidi ya bei ya tangazo, na bei ya tangazo huwekwa na muuzaji mwenyewe, kwa hiyo muuzaji anayetaka kuonekana mkarimu anaweza kuanza kwa kuipandisha. Tena, ada inayokatwa na mwenye soko imekuwa ndogo: Microsoft iliishusha kutoka asilimia 20 hadi 3 mwaka 2021, na tangu Januari 2024 AWS hukata asilimia 3 kwa ofa ya faragha yenye thamani isiyofikia dola milioni moja. Mkataba wa dola 36,000 kwa miaka mitatu humgharimu muuzaji dola 1,080 tu za ada hiyo. Basi punguzo la nusu bei halitoki kwa mwenye soko, bali hutoka katika kazi ya muuzaji mwenyewe, na msomaji makini huuliza ni kitu gani kimeondolewa ili lipatikane: pengine ni mafunzo ya wafanyakazi, pengine ni msaada wa simu siku ya Jumamosi, ambayo kwa biashara nyingi za Kitengela ni siku ya kazi kama nyingine.

Alama iliyo kuu kuliko zote ni kipimo cha bei, yaani kitu kinachohesabiwa ili kiasi cha kulipa kijulikane. Programu ileile inaweza kuuzwa kwa idadi ya watumiaji, kwa idadi ya miamala, kwa ukubwa wa data au kwa mwezi bila kuhesabu chochote, na uamuzi huu ndio unaoonyesha kama muuzaji ameielewa kazi ya mnunuzi au amenakili ofa aliyompa mwingine. Kitengela, ambayo sensa ya 2019 ilihesabu wakazi wake kuwa 154,436, ni mji wa nyumba za kupanga, na msimamizi wa nyumba hizo anaweza kuwa na makarani watatu wanaoshughulikia mamia ya vyumba. Akiuziwa kwa idadi ya watumiaji, atalipa kidogo sana hata muuzaji ashindwe kumhudumia. Akiuziwa kwa idadi ya vyumba vyote, atakuwa akilipia vyumba vitupu katika miezi ambayo navyo havimwingizii chochote. Fundi wa kweli hupendekeza vyumba vyenye mpangaji, kisha huandika ni siku gani ya mwezi hesabu itafanywa na ni orodha ya nani itakayotumika, kwa sababu kipimo kizuri kisichosema kinahesabiwa lini na nani ni mwanzo wa ugomvi.

Kanuni inayoweza kutolewa hapa ni kwamba kipimo bora ni kile ambacho mnunuzi tayari anakihesabu kwa ajili ya shughuli zake mwenyewe. Sacco huhesabu wanachama wake, lakini wanachama waliosajiliwa si sawa na wanachama hai wanaoweka akiba kila mwezi, na tofauti ya makundi hayo mawili huweza kuwa kubwa katika sacco iliyokaa miaka mingi. Ofa inayosema tu kwamba bei ni kwa kila mwanachama haijasema kitu. Shule huhesabu wanafunzi kwa muhula, na idadi ya Januari, watoto wapya wanapoingia, haiwezi kudhaniwa kuwa ndiyo itakayokuwapo muhula wa tatu. Shamba la maua la upande wa Isinya huongeza vibarua katika wiki zinazotangulia tarehe 14 Februari, siku ambayo waridi huhitajika sana Ulaya, kisha huwapunguza, na kwa hiyo bei inayofuata idadi ya juu kabisa ya watumiaji katika mwaka hulitoza shamba hilo miezi kumi na miwili kwa ajili ya msimu mmoja. Muuzaji mwenye ujuzi huweka wastani wa robo mwaka au huandika idadi ya msingi pamoja na bei ya ziada, na bei hiyo ya ziada haizidi bei ya msingi, kwa kuwa ikizidi, mnunuzi huadhibiwa kwa sababu ya kukua.

Jambo hili halipaswi kuwa geni kwa Kajiado. Katika mnada wa mifugo wa Bissil ng'ombe huuzwa kwa kichwa, akikadiriwa kwa jicho, ilhali mwenye bucha atamuuza kwa kilo. Pengo kati ya vipimo hivyo viwili ni hatari ambayo lazima mmoja aibebe, na mnunuzi stadi hujua ni yeye anayeibeba kabla hajataja bei. Ofa ya programu isomwe kwa jicho hilohilo: iulizwe ni kipimo gani kinachomletea mnunuzi fedha, ni kipimo gani anachotozwa, na pengo lililopo kati yake limewekwa mgongoni mwa nani.

Baada ya kipimo huja sarafu, na hapa wauzaji wengi wa nje huonyesha kwamba hawajawahi kumfikiria mnunuzi wa Kenya. Katika soko la AWS ofa za faragha huandikwa kwa dola au kwa sarafu nyingine chache zenye nguvu, na shilingi ya Kenya haimo kati yake. Januari 2024 dola moja ilifikia takriban shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka huohuo ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 129. Malipo ya dola 12,000 kwa mwaka yangekuwa shilingi 1,920,000 katika mwezi ule wa kwanza na shilingi 1,548,000 miezi michache baadaye, yaani tofauti ya shilingi 372,000 bila neno hata moja la mkataba kubadilika. Mabadiliko hayo yalimfaa aliyesubiri, lakini yangeweza kwenda upande wa pili, na sacco inayokusanya akiba za wanachama wake kwa shilingi haina mahali pa kuificha hasara ya namna hiyo. Shamba la maua linalouza Uholanzi kwa euro, au kiwanda cha magadi kule Ziwa Magadi ambacho bidhaa yake husafirishwa nje, huipokea ofa ya fedha za kigeni bila wasiwasi, kwa sababu mapato yake ni ya aina hiyo.

Kwa hiyo ofa iliyotengenezwa vizuri kwa mnunuzi wa shilingi huonyesha dalili za kufikiriwa. Huenda malipo yamegawanywa kwa awamu fupi badala ya kudaiwa yote siku ya kwanza, au ofa imepitishwa kwa wakala wa humu nchini, yaani kampuni iliyoidhinishwa na mwenye programu kuiuza kwa bei yake yenyewe, ambaye amekubali kuandika ankara ya shilingi na kuibeba hatari ya sarafu kwa malipo yanayojulikana. Ankara na ofa ziseme pia kama bei inajumuisha kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Kenya ni asilimia 16, na, iwapo kodi ya zuio itakatwa katika malipo, ni nani atakayeathirika. Ofa iliyo kimya juu ya kodi inaweza kuonekana nafuu kwa karibu sehemu ya saba kuliko ilivyo, na unafuu wa namna hiyo si wa kuhesabiwa katika kulinganisha.

Kalenda ni sehemu ambayo fundi hujulikana kwa haraka. Kila ofa ya faragha ina tarehe ya mwisho ya kukubaliwa, na ikipita hiyo ofa hufungwa yenyewe. Katika soko la AWS siku huisha saa 23:59:59 kwa saa za kimataifa, ambayo nchini Kenya ni saa nane na dakika 59 usiku wa kuamkia siku inayofuata. Muuzaji anayelijua hilo humwandikia mnunuzi saa ya Kenya waziwazi, asimwache akisie. Lakini kosa zito zaidi ni kuweka muda usiowezekana. Serikali ya Kaunti ya Kajiado, kama taasisi zote za umma, inafungwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015, ambayo katika zabuni hairuhusu mkataba kutiwa saini kabla ya siku 14 kupita tangu mshindi aarifiwe. Ofa inayokufa baada ya siku kumi tangu taarifa hiyo itolewe haiwezi kukubaliwa kihalali hata kama kila mtu ofisini anaitaka. Vivyo hivyo, ofa inayoisha tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya mwaka wa fedha wa serikali, humlazimisha mnunuzi kushindana na kila mwombaji wa malipo katika wiki yenye msongamano kuliko zote, na mara nyingi huashiria kwamba muuzaji alitaka kuleta shinikizo badala ya kuuza. Sheria hiyohiyo huyafanya malipo ya awali kuwa jambo la pekee lenye mipaka, hivyo ofa inayodai mwaka mzima ulipwe siku ya kwanza humfaa mwenye kampuni binafsi, wala haiifai kaunti. Kwa shule, ratiba nzuri ya malipo hufuata mihula mitatu, karo ikiwa imeshaingia. Awamu ya Desemba, likizo ikiwa imepamba moto, ni dalili ya ofa iliyonakiliwa kutoka kwingine.

Suala la akaunti ni fupi lakini huharibu kazi nyingi. Akaunti ya AWS hutambulishwa kwa tarakimu 12, na ofa iliyofungwa kwa akaunti ya majaribio ya fundi mitambo haitamfikia mhasibu anayelipa. Muuzaji makini huomba nambari ya akaunti inayolipa, kisha huhakikisha kwamba atakayebofya kitufe cha kukubali ana idhini ya kununua.

Masharti ya matumizi yanastahili kusomwa na mtu asiyekuwapo wakati wa mazungumzo. Baadhi ya masoko yana mkataba sanifu uliokwisha kukubalika kwa wengi, na kuutumia pamoja na nyongeza fupi ni dalili njema kuliko kurasa hamsini zilizoandikwa na wakili wa muuzaji pekee, kwa sababu msomaji anajua mahali pa kutazama: ni katika nyongeza. Kwa wanunuzi wenye taarifa za wanachama, wagonjwa au wanafunzi, nyongeza hiyo haina budi kutaja data itakaa wapi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaweka masharti ya kuhamisha taarifa binafsi nje ya Kenya, na kusema kwamba data iko kwenye wingu hakujibu lolote. Kusema kwamba iko katika vituo vya Cape Town, ambavyo AWS ilivifungua mwaka 2020, au Johannesburg, ambavyo Microsoft ilivifungua mwaka 2019, ni jibu linaloweza kupelekwa mbele ya Kamishna wa Data. Ni jambo la kusikitisha kwamba ofa nyingi nzuri kwa upande wa bei huanguka hapa, kwenye mstari mmoja ambao ungeandikwa kwa dakika tano.

Mwisho hutazamwa kuhuishwa kwa mkataba, yaani bei itakayofuata muda wa kwanza ukiisha. Mikataba ya AWS inaweza kuandikwa hadi miezi 60, na urefu huo humvutia mnunuzi kwa punguzo la mwaka wa kwanza huku bei ya baadaye ikiachwa irudi kwenye ile ya tangazo. Ofa iliyoundwa kwa uaminifu hutaja bei ya kila mwaka kwa tarakimu, huweka kikomo cha kupanda kwake wakati wa kuhuisha, na hueleza kitakachotokea iwapo sacco itaungana na nyingine au shule itafungua tawi katikati ya muda, kwa kuwa ofa inayoendelea inaweza kurekebishwa bila kufutwa, na malipo yaliyokwisha kutolewa yakahesabiwa. Ofa ya miaka mitatu isiyotaja bei ya mwaka wa nne haijakamilika, na mnunuzi anayo haki ya kuirudisha ikaandikwe upya kabla hajaikubali.