Mita 15 za Sheep Creek

Theluji nzito ya Aprili ikianguka Colorado, mazungumzo yangu na watu wa skii za porini huishia pale pale: Sheep Creek, karibu na Loveland Pass, Jumamosi ya Aprili 20, 2013. Waliingia sita, poromoko la theluji likawafunika, akatoka mmoja tu. Ripoti ya CAIC, kituo cha jimbo kinachotoa taarifa za maporomoko, wameisoma, na picha za mpasuko ulioachwa mlimani wameziona. Hata hivyo kila mwaka nasikia mtu akisema ilikuwa bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya. Ulikuwa uamuzi, na una kipimo chake: mita 15.

Mengine walifanya vizuri. Walisoma taarifa ya asubuhi, walibeba redio za kutafutana, mabeleshi na fito, na walilenga mteremko waliouona una nafuu.

Ila njia ya kufika huko ilipita chini ya mteremko mwingine, unaotazama kaskazini, ambao tayari walikuwa wameutilia shaka. Wakakubaliana waachane futi 50, yaani mita 15 hivi, wavuke wote hadi kwenye miti. Hapo ndipo nataka tusimame. Mtu anayeamua kuachana na wenzake amekwisha kukiri kwamba kilicho juu yake kinaweza kukatika. Akishakiri hivyo, nini kilichomtuma kuingia na wenzake wote?

Tuhesabu. Watu sita wana nafasi tano kati yao, na tano mara 15 ni 75. Kutoka wa kwanza hadi wa mwisho ni mita 75. Bamba la theluji lililokatika lilikuwa na upana wa futi 800 hivi, karibu mita 240. Msafara wote ule ungetoshea chini yake mara tatu na nafasi ikabaki. Kuachana kwao kulibadilisha nani afunikwe wapi, basi.

Najua hoja ya kuwatetea, nimejibizana nayo miaka mingi. Wanasema kuachana kumo katika kila kozi. Kweli kumo, lakini kuna kazi yake: kupunguza uzito wa watu kwenye bamba moja wanapolikanyaga. Pale Sheep Creek hawakuwa juu ya bamba nene. Walikuwa chini, kwenye miguu ya mteremko, ambako theluji ni nyembamba na tabaka dhaifu liko karibu na skii. Mlio mzito wa theluji kuporomoka ndani kwa ndani, ule unaousikia tumboni kabla ya masikio, husafiri wenyewe kutoka bapani hadi mlimani. Hauhitaji uzito wa watu sita. Mmoja anatosha kuuamsha, na ukishaamka unapanda hadi juu, bamba linakatika, na vyote vinashuka juu ya vichwa vya waliouamsha.

Na vikishashuka, nani anatafuta? Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Redio ya kutafutana ni kifaa cha watu wawili: mmoja amefunikwa, mwingine yuko nje ameigeuza ipokee. Mtu akifukuliwa ndani ya dakika 15 za kwanza, mara nyingi bado yu hai. Nusu saa ikipita, wengi wamekwisha kukosa hewa. Siku ile aliyenusurika alifunikwa naye, sehemu ya mkono mmoja tu ikiwa huru, akakaa hivyo kwa takriban saa nne hadi waokoaji walipofika. Redio zilikuwa zikituma ishara chini ya theluji, na juu yake hapakuwa na hata moja ya kupokea.

Sasa kuhusu majira, maana huu nao ni ugomvi wangu wa zamani. Watu wakiona Aprili kwenye kalenda wanafikiria theluji ya jua: usiku inaganda, alfajiri unapanda, kabla ya adhuhuri umeshuka. Desturi hiyo ni nzuri pale baridi na joto vimekwisha kuipika theluji yote hadi chini. Ila msimu ule theluji ya mwanzo ilikuwa haba, ikakaa nyembamba kati ya ardhi yenye joto kidogo na hewa ya baridi kali, ikageuka chembechembe. Ichote uone. Haishikamani hata ukiifinya, inamwagika kwenye glavu kama sukari ya chai. Upande wa kaskazini sukari hiyo haikuwa imekwenda popote, na Aprili ikaitwika dhoruba moja baada ya nyingine. Palipokuwa na kina zaidi, mpasuko ulifika futi 12. Siku mbili kabla, eneo la Vail Pass, mtu mmoja wa snoubodi alikuwa amekwisha kufa.

Taarifa ya siku ile ilitaja hatari ya kiwango cha 3. Nimelalamika kuhusu namba hii hadi wahariri wamenichoka, na sitaacha. Ukimwambia mtu 3 kati ya 5 anasikia wastani, kama C ya mtihani, tumefaulu, twende. Werner Munter, yule Mswisi aliyebuni hesabu ya kupima hatari ya maporomoko, alilifahamu hilo. Katika hesabu yake ngazi ya kwanza ina uzito wa 2, ya pili 4, ya tatu 8. Hatari inajizidisha mara mbili kila ngazi, na kabla ya kuingia unatakiwa uipunguze hadi 1. Kundi kubwa linaloachana humpa Munter sababu ya kugawanya kwa 2. Basi 8 inakuwa 4. Nafuu nyingine inapatikana kwa kuukwepa upande wa kaskazini, na mteremko ule ulitazama huko huko.

Ndiyo maana huwakumbuka wazee wa maporomoko wa Alta, Utah: Monty Atwater baada ya Vita Kuu ya Pili, kisha Ed LaChapelle. Hawakuwa na redio hata moja. Skadi, redio ya kutafutana ya kwanza, ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1960. Walichokuwa nacho ni uzi mwekundu wa kufunga kiunoni na kuuburuta nyuma, na macho ya wenzao. Kwa sababu hiyo sheria yao haikuwa na mita ndani yake. Mmoja anavuka. Wengine wanasimama mahali ambapo hakuna kinachoweza kuwafikia, wanamtazama bila kupepesa, ili akizama wajue alionekana wapi mara ya mwisho. Akifika, anaondoka wa pili. Leo tuna redio za kidijitali na mikoba ya hewa, na tunavuka sita kwa mpigo.

Nimepiga hesabu ya muda pia. Mtu mwenye ngozi za kupandia chini ya skii huvuka mita 240 kwa dakika tano, akijivuta. Sita wakipokezana ni nusu saa. Poromoko lile lilishuka saa nne na ushei asubuhi.